Mwezi ukiwaka Kivu, sindano ya wavu isilale

Kila mwezi unapokuwa mkubwa, taa za wavuvi hupungua kwenye Ziwa Kivu. Sambaza hufuata mwanga. Mbalamwezi ikienea juu ya maji, samaki hao hutawanyika na taa ya mvuvi haiwakusanyi tena. Mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti hubaki ufukweni, na kwa siku kadhaa wavuvi wa Bukavu, Kabare na Idjwi hukosa kazi ya usiku.

Siku hizo zisihesabiwe kuwa za hasara. Ndizo siku za kushona wavu.

Wazee wa ziwani wanaijua kazi hiyo: sindano ya mti, uzi wa nailoni na kibao kidogo cha kupimia, ili matundu yote yalingane. Palipochanika hukatwa kwanza mpaka kwenye fundo zima, kisha tundu hufungwa moja baada ya lingine. Ni kazi ya subira, lakini haihitaji umeme wala mashine. Inafanyika chini ya mwembe huku watu wakipiga stori.

Shida ni kwamba vijana wengi hawafundishwi. Wavu ukichakaa na pesa ya kununua mwingine ikikosekana, njia ya mkato ni chandarua cha mbu. Hapo hasara ni mara mbili. Matundu ya chandarua ni madogo mno, yanazoa hata vitoto vya samaki ambavyo vingekuwa mboga ya kesho. Na nyumbani watoto wanalala bila kinga, katika nchi ambayo malaria bado inaua watu wengi.

Sambaza hawakuwa wa ziwa hili tangu mwanzo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha familia nyingi, kuanzia mvuvi hadi mama anayepima kwa kopo sokoni Kadutu. Upande wa Rwanda, uvuvi wao hufungwa kwa takriban miezi miwili kila mwaka ili wazaliane. Samaki hajui mpaka: anayeachwa akue kule anaweza kunaswa huku akiwa bado mchanga.

Kuna atakayesema kwamba mwenye njaa hawezi kukaa akishona wakati watoto wanasubiri kula. Ni kweli, sindano haileti chakula jioni hiyo hiyo. Lakini tundu lisilozibwa leo litapitisha samaki kila usiku taa zitakaporudi majini.

Kwa hiyo, kukamata nyavu haramu na kuzichoma peke yake hakutoshi. Viongozi na vyama vya wavuvi wawape watu uzi wa bei nafuu, na wazee walipwe kidogo kuwafundisha vijana siku za mbalamwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ziwa likiisha samaki hakuna fundi wa kulijenga upya.