Mashimo ya Wasirikwa Yajengewe Nyumba ya Udongo

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru hupunguza mwendo Kikopey kwa ajili ya nyama choma. Wachache hukumbuka kuwa si mbali na hapo pana Kariandusi, ambapo Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe ya kale mwishoni mwa miaka ya 1920. Kariandusi haihitaji nyumba. Watu wale hawakuacha kuta.

Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ni kisa kingine. Mary Leakey alichimba huko mwaka 1937 na 1938. Kilimani pana mashimo ya mviringo yanayonasibishwa na Wasirikwa, wafugaji waliostawi kabla ya mwaka 1700. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa makao ya watu. Baadaye J. E. G. Sutton alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na kwamba nyumba ilisimama ubavuni, ikiingiwa kwa kupitia zizini. Mwanafunzi aonyeshwapo shimo lililoota nyasi atalifahamuje hilo?

Kwa hiyo napendekeza ijengwe nyumba moja pamoja na zizi lake, kando ya magofu wala si juu yake: nguzo, fito, udongo uliokandwa kwa samadi, paa la nyasi. Bango liseme wazi kuwa ni jengo jipya, kwani Mkataba wa Venice wa 1964 unataka nyongeza itofautike na kilicho asili. Saruji na mabati havifai. Vitamfundisha mtoto uongo.

Watasema udongo huyeyuka masikani. Ni kweli, usipotunzwa. Msikiti mkuu wa Djenné, nchini Mali, hukandikwa upya takriban kila mwaka na wenyeji wenyewe. Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyetunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alijenga shule ya kijiji cha Gando kwa matofali ya udongo, akaikinga kwa paa pana. Msingi wa mawe na upenu mrefu hutosha kuzuia mengi.

Nami, kama mwanaisimu, nina shauku yangu ya pembeni. Wanafunzi wangu wanajua saruji. Ukiwatajia kombamoyo au kusiriba, wanatazamana. Kazi ikikoma, msamiati wake hufuata. Shule za Gilgil na Nakuru zingeweza kupokezana zamu ya kukandika kila baada ya mvua za masika, mafundi wakiwa akina mama wa vijijini ambao mikono yao bado inaijua kazi hiyo, nao walipwe kama mafundi.