Fleti za Mjini: Tupime Kabla ya Kununua

Mkulima wa korosho wa Masasi au Newala anayetaka kununua fleti Dar es Salaam hatendi kosa. Sheria ya mwaka 2008 inamwezesha kupata hati ya sehemu yake ndani ya jengo, na kodi ya mpangaji haingoji msimu wa mavuno. Lakini ngazi, paa na pampu ni mali ya wote, na gharama zake ni za wote. Wana-Newala, ambao maji yao hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, wanaelewa: pampu ikifa, wa juu ndiye mwenye kiu. Ndugu zetu wa Visiwani waliokaa Michenzani wanalijua vilevile. Basi mnunuzi aulize kwanza hati na umoja wa wenye fleti. Na maofisa wa ardhi wahakikishe vyote viwili vipo kabla jasho la mkulima halijalipwa.