Mkondo Mkavu Si Jalala

Wako watu ambao, wakiuona mto umekauka, husema huo si mto tena. Twaona fikira hiyo ina hatari, na ushahidi wake ni mto Luni wa Rajasthan, India.

Luni huanzia milima ya Aravalli karibu na Ajmer, ukakata jangwa la Thar kwa mwendo wa karibu kilomita 500, nao hauifikii bahari, bali hupotea katika tambarare za chumvi za Rann of Kutch. Maji hupita hasa majira ya mvua, Julai hadi Septemba. Kuanzia Balotra huwa ya chumvi. Miezi mingine ni mchanga mtupu.

Hata hivyo, wakulima hawakuudharau. Furiko likipungua huacha tope lenye rutuba, wakapanda ngano na shayiri. Kiangazi hulima matikiti katika mchanga wake, na visima vya kandokando hunywesha watu na mifugo. Mwaka 1892 lilijengwa bwawa la Jaswant Sagar kuyahifadhi maji hayo. Katika bonde hilo Wabishnoi huwalinda swala. Wazee wao 363 waliuawa mwaka 1730 katika kijiji cha Khejarli, wakiikumbatia miti isikatwe.

Lakini viwanda vya kutia nguo rangi vya Pali, Balotra na Jodhpur vimemwaga maji machafu katika Luni na matawi yake, Bandi na Jojari. Mkondo mkavu hauna maji mengine ya kuyazimua. Sumu huzama ardhini, ikaharibu visima na mashamba. Sheria ya kuzuia uchafuzi ipo tangu 1974, na mitambo ya kusafishia imejengwa. Bado Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya India ililishika jambo la Jojari yenyewe, bila kungoja mshtaki.

Sisi hatukubaliani na wasemao kwamba ni lazima kuchagua kiwanda au shamba. Mfanyakazi atiaye nguo rangi na mkulima aliye chini ya mto wote hula kwa jasho lao, na kisima kikiharibika huwaumiza wote wawili. Gharama ya kusafisha maji ni sehemu ya gharama ya nguo. Tajiri aikwepaye hakuipunguza, bali amemtwika mkulima.

Maji hufuata mkondo, na sumu vile vile. Mkondo mkavu si jalala: ni shamba lingojalo mvua.