Waliofariki Wachanga Nao ni wa Ukoo

Julai 1844, Mombasa, Rosine Krapf alijifungua mtoto wa kike huku akisumbuliwa na homa. Mumewe, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, naye alikuwa hoi kwa ugonjwa. Siku chache baadaye mama akafariki, na kichanga akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Mtoto yule hakumaliza hata mwezi mmoja duniani. Hata hivyo, zaidi ya miaka 180 baadaye, anayetaka habari zake anazipata: mwezi aliozaliwa, maradhi yaliyoingia nyumbani kwao, mahali alipolazwa. Sababu ni kwamba baba yake alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Wachanga wa wenyeji waliofariki miaka hiyo nao walioshwa, wakasaliwa na kuzikwa, lakini habari zao zilibaki vifuani mwa mama zao, na mama hao walipoondoka waliondoka nazo.

Siku hizi vijana wengi wanachora mti wa ukoo. Wanaanza na babu, wanashuka kwa wajomba na mashangazi, na mara nyingi wanamruka yule aliyefariki akiwa na siku tatu au miezi minane. Huko ni kumpunguza mtu kwenye hesabu ya familia yake.

Anayekimbilia ofisi za serikali asitarajie makubwa. Nchini Kenya, sheria ya vizazi na vifo ya mwaka 1928 iliwalazimu Wazungu na Waasia kuandikisha watoto wao. Kwa Waafrika ulazima huo ulienezwa wilaya kwa wilaya kuanzia 1963, ukaifikia nchi nzima mwaka 1971. Kichanga wa kijijini aliyefariki mwaka 1955 si rahisi kumkuta kwenye jalada lolote.

Dalili zake ziko kwingine. Pengo la miaka mitano kati ya ndugu waliokuwa wakipishana miwili miwili lina habari yake. Bibi anayeitwa Mama Hamisi ilhali hakuna Hamisi katika watoto wake, naye ana la kusimulia. Kwa Wakikuyu, majina ya Kariuki na Njoki tangu zamani yalihusishwa na mtoto aliyekuja baada ya mwingine kufa, ingawa wengi leo wameyarithi tu kwa babu na bibi zao. Parokia za Kikatoliki nazo zina vitabu vya ubatizo, na huenda humo mna jina la mtoto aliyebatizwa haraka akiwa mahututi, pamoja na majina ya wazazi wake.

Lakini kitabu kikubwa kuliko vyote ni bibi mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukimuuliza, "Bibi, ulizaa watoto wangapi?" atakutajia walio hai. Wadodosaji wa tafiti za kitaifa za afya ya uzazi wanalijua hilo. Wao humuuliza mwanamke kama amewahi kujifungua mtoto aliyezaliwa hai kisha akafariki, hata kama aliishi saa chache tu, na humtaka ataje jina la kila mmoja. Tatizo ni kwamba tafiti hizo huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Bibi wa miaka 80 hana wa kumuuliza isipokuwa wajukuu zake.

Wapo wazee watakaosema kufanya hivyo ni kutonesha kidonda. Wana hoja, na anayekataa kusema aachwe. Ila kunyamaza nako kuna gharama, hasa upande wa afya. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao kwa kawaida hauonyeshi dalili miezi ya mwanzo. Kwa hiyo umri wa marehemu una maana. Bibi hatataja miezi, atasema, "Alikuwa ameanza kukaa," au "Aliacha kunyonya siku ya saba, akakakamaa." Kauli ya pili inafanana na pepopunda, ambayo kichanga huipata kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu. Ya kwanza, ikijirudia kwa watoto watatu wa tumbo moja, ni ya kumpelekea daktari kabla ya mjukuu kuoa au kuolewa.

Wala msiba huu haujawa wa kale. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta vifo 33 vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 1999 vilikuwa 99. Kupungua huko ni kukubwa, na pia kunatuambia jinsi mama na bibi zetu walivyozika mara nyingi.

Basi familia zikikutana sikukuu ijayo, mmoja akae na bibi faraghani, aulize taratibu, aandike: jina, wazazi, umri kwa maneno ya bibi mwenyewe, ugonjwa, na kaburi liko chini ya mti gani. Kama hakupewa jina, iandikwe hivyo. Mstari mmoja unatosha, mradi uandikwe wakati anayeujua angali hai.