Kaboni: Kisangani inahitaji turbini nzima kuliko dawa za moshi

Nchi tajiri zinalinganisha dawa za maji zinazonasa hewa ya kaboni kwenye viwanda vya umeme. Amini, inayotumika Boundary Dam, Kanada, tangu 2014, hunasa haraka, lakini huharibika na hudai joto jingi ili itumike tena. Kaboneti ya potasiamu hudumu zaidi, ila ni ya polepole.

Zote zinahitaji kiwanda chenye bomba kubwa la moshi. Kisangani haina: umeme wa SNEL unatoka mto Tshopo. Mashine za kituo hicho cha miaka ya 1950 zikikwama, wakaaji huwasha jenereta za mazutu na petroli, na moshi wa vyombo hivyo vidogo haunaswi. Hapa, kupunguza kaboni kunaanza na kutengeneza turbini.