Jeshi ni la Mpakani, si la Malishoni



Sisi twakaa nyuma ya mizani kutwa, na kazi hiyo imetufunza jambo moja. Jiwe la nusu kilo likiwekwa mahali pa jiwe la kilo, anayedhulumiwa ni mnunuzi, lakini jina linaloharibika ni la duka. Hayo ndiyo tuyaonayo katika habari ya askari huko Ngorongoro, nasi twataka kuyaeleza kwa insafu, kwani yana mafunzo makubwa kwetu sisi watu wa visiwani.

Mwenye kusafiri kutoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita wilaya ya Monduli, penye Chuo cha Kijeshi ambamo maafisa wa Jeshi la Wananchi hufunzwa. Kisha hupanda mpaka Karatu, mji ambao wanachama wetu hawakosi kuujua, maana watu wake ndio waliompeleka Bungeni Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA tangu 1995 hata 2010. Mbele ya Karatu lipo lango la Lodoare, mlango wa Hifadhi. Hapo msafiri hukuta gwanda la namna nyingine. Tangu 2018 watumishi wa uhifadhi wametiwa katika mfumo uitwao jeshi usu, na 2020 sheria ikarekebishwa ili jeshi hilo lipate kusimama. Mkuu wao ni Kamishna, na walio chini yake wana vyeo, kwata na saluti.

Hatukanushi kwamba majangili huja na bunduki, wala mlinzi wa faru hawezi kuwakabili kwa fimbo. Lakini Ngorongoro si pori tupu. Ilipotengwa 1959 iliwekewa sharti la peke yake: wanyama, mifugo na watu wakae pamoja, na Wamasai waliotolewa Serengeti wakapokewa humo. Basi mlinzi wa mahali hapo, akiamka asubuhi, atakutana na mchungaji mara nyingi kuliko jangili. Twauliza: mtu aliyefunzwa kwata na kuvishwa cheo cha kijeshi, atamwona mchungaji yule kuwa ni raia mwenye haki, au atamwona kuwa ni adui aliyevuka mpaka?

Jawabu tulilipata Loliondo, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro. Mwezi wa Juni 2022 serikali ilipeleka vikosi kuweka mawe ya mpaka katika ardhi ya kilomita za mraba 1,500. Tarehe 10 askari wa polisi aliuawa kwa mshale, na wananchi wakajeruhiwa kwa risasi, wengine wakakimbilia Kenya kutafuta dawa. Twamwomboleza askari yule, kwani naye alikuwa mtoto wa watu. Aliyempeleka huko kwa kazi ambayo ilikuwa ya baraza na mahkama, huyo ndiye wa kuulizwa.

Sasa tutazame usalama wa mipaka, ambao ndio hoja ya wakubwa kila wanapotaka kutunyamazisha. Jeshi letu lina heshima, nayo heshima hiyo ilinunuliwa kwa damu. Wakati majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera 1978, wananchi walitoa ng'ombe, magari na watoto wao, na 1979 Kampala ikaanguka. Mwezi wa Machi 2008 askari wetu walishuka Anjouan, kwa ndugu zetu wa Komoro. Tarehe 7 Disemba 2017, huko Semuliki katika Kongo, wasiopungua 14 waliuawa wakilinda amani ya Umoja wa Mataifa. Na Oktoba 2020 maadui kutoka Msumbiji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Hizo ndizo kazi za jeshi.

Lakini jeshi halina macho mpakani ila macho ya mwanakijiji. Mchungaji wa Loliondo ndiye anayejua nani kapita usiku kutoka upande wa Kenya, kama mvuvi wa Ruvuma anavyojua mtumbwi mgeni. Mchungaji huyo akishapigwa risasi na mtu wa serikali yake, akauguzwa katika nchi ya jirani, ataleta habari gani kambini? Mwenye kuwafanya watu wa mpakani kuwa maadui, amejing'oa macho kwa mkono wake.

Na yaliyoshindwa kwa bunduki yaliwezekana kwa maneno. Agosti 2024 maelfu ya Wamasai walikusanyika barabarani Ngorongoro kupinga kufutwa vijiji vyao. Mahkama Kuu ya Arusha ikalizuia kwa muda tangazo la serikali, na wakubwa wakaja kuzungumza nao.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufasiriwa haya. Tunavyo vikosi vyetu, tunavijua kwa majina na kwa rangi za nguo. Twakumbuka Januari 2001 huko Pemba. Tume iliyohesabu maiti wetu, ikapata watu 31, iliongozwa na mwanajeshi, Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Naye ni ushahidi kwamba mwanajeshi wa kweli haogopi kuhesabu.

Katiba yasema katika kifungu cha 147 kwamba mwanajeshi asijiunge na chama cha siasa, ingawa anayo haki ya kupiga kura. Maana yake ni kwamba askari ni amana ya watu wote. Kwa hiyo twataka mambo matatu. Walinzi wa hifadhi wavuliwe vyeo vya kijeshi, na silaha zao ziwe kwa majangili tu. Ugomvi wa ardhi uende mahkamani kabla ya kwenda kambini. Na vikosi vya hapa kwetu vikae mbali na vituo vya kura.

Wanachama wasimchukie askari. Wamsalimie, wamuulize hali, na wamkumbushe kwamba mama yake naye yumo katika foleni ya kupiga kura. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mmasai ananyolewa, nasi kichwa chetu kilikwisha kuonja wembe huo.

Wabillahi tawfiq.