Miaka 40 ya ndoa: Deni nililolisahau lilinifuata hadi mlangoni

Leo naomba nikae nawe kidogo nikusimulie jambo ambalo limenikalia rohoni tangu mwaka wa 2022. Ni jambo la aibu kwangu, lakini wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai. Pengine likikufikia wewe mapema litakufaa kuliko lilivyonifaa mimi.

Mwezi wa Desemba 2024 mimi na mama watoto tulitimiza miaka 40 ya ndoa. Ukisikia mtu akisema miaka 40, usidhani ni mchezo. Tulioana Desemba 1984, mwaka ule wa ukame, mvua ya masika ilipokosa kunyesha na wengi wetu tukala mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka Marekani. Wazee watakumbuka ugali ule. Mimi nilikuwa karani mdogo hapa Nairobi, nimekodi chumba kimoja Kariobangi, mali yangu ikiwa kitanda, stovu ya mafuta taa, sufuria mbili na redio ndogo.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa wakwe zangu kule Nyeri, nikiwa nimesindikizwa na ami yangu na wazee wengine wawili. Tulipeleka kile tulichoweza, ambacho kwa kweli kilikuwa kidogo. Mkwe wangu, mzee mpole, aliutazama ule ukame uliokuwa nje, akanitazama na mimi, akasema mahari si kitu cha kumalizwa siku moja. Ami yangu akasimama akaahidi mbele ya watu wote kwamba tutarudi mvua ikinyesha. Nikapewa mke wangu, tukapanda basi tukarudi mjini.

Mvua ilinyesha, msomaji. Imenyesha mara nyingi tangu siku ile.

Kama ilivyo kwa kila jamaa, miaka yetu tuliihesabu kwa mambo yaliyotufika. 1986 tulijaliwa kifungua mimba, mvulana, tukampa jina la baba yangu. 1990 akaja msichana, akapewa jina la mama yangu. 1994 akazaliwa kitinda mimba, mvulana, na kwa desturi yetu Wakikuyu huyo alikuwa na haki ya jina la baba ya mke wangu. Kwa hivyo jina la mkwe wangu likawa likilala na kuamka katika nyumba yangu, likinywa uji wangu na kuvaa viatu nilivyonunua. Hata hilo halikunikumbusha kitu.

Mwaka huo huo wa 1994 mwajiri wangu alinipa barua. Wakati ule kazi zilikuwa zikipunguzwa kote nchini, na jina langu lilikuwa miongoni mwa yaliyopita. Mama watoto hakulia. Alichukua akiba kidogo aliyokuwa nayo katika chama cha akina mama, akaenda Gikomba akanunua mtumba wa nguo za watoto, akaanza kuuza. Mimi nilihangaika na vibarua vya hapa na pale kwa miaka minane kabla ya kupata tena kazi ya kudumu.

Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure tulipata nafuu, kwa maana wawili walikuwa bado shule ya msingi. 2004 tulikuwa na mitihani miwili katika nyumba moja, kifungua mimba akifanya KCSE na dada yake KCPE. 2008, mwaka ule ulioanza kwa vurugu za baada ya uchaguzi, ikawa hivyo tena, msichana akifanya KCSE na kitinda mimba KCPE. Wote walipita. Wageni wakija nyumbani nilikuwa nawaonyesha picha ukutani na kusema, "Haya ndiyo matunda ya jasho langu." Naomba ulikumbuke neno hilo, "langu".

Mwaka wa 2015 kifungua mimba alipata jiko. Mimi ndiye niliyetangulia msafara kwenda kwa wakwe zake. Nilimhubiria kijana wangu njia nzima ndani ya matatu: mwanamume ni yule anayemaliza jambo alilolianza, usiwaache wazee wa watu wakingoja. Ami yangu hakuwa nasi siku hiyo kwa sababu ya ugonjwa. Mama watoto alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Hakusema neno.

Basi ikafika 2022. Msichana wetu alituletea habari kwamba kuna kijana, na watu wake wanataka kuja. Niliwaita wazee wa ukoo tupange siku. Ami yangu, ambaye sasa alikuwa mkongwe wa kutembea kwa mkongojo, alisikiliza mazungumzo ya mahema, ya vyakula na ya wageni mpaka yakaisha. Kisha akaniuliza, "Kijana, wewe utapokea mbuzi wa watu kwa mkono gani?"

Sikumwelewa. Akaendelea, "Mwaka wa 1984 mimi ndimi niliyekusindikiza. Nilisema tutarudi. Je, tulirudi?"

Msomaji, nyumba ilinyamaza kama kanisa. Kwa desturi yetu, baba ambaye hakumaliza mambo kwa wakwe zake hana haki ya kupokea mahari ya binti yake. Tena, ile sherehe tunayoiita ngurario, ambapo mume humkatia mke bega la mbuzi mbele ya jamaa zote mbili ijulikane sasa wameoana kikamilifu, sisi hatukuwahi kuifanya. Kwa macho ya wazee, nilikuwa nimekaa na mtoto wa watu miaka 38 kwa ahadi.

Usiku ule nilianza kujitetea, kama wanaume tulivyo. Nikamwambia mama watoto kwamba fedha zote zilikwenda kwa karo, kwa kodi ya nyumba, kwa ule ukuta wa shambani. Yeye aliinuka akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa daftari zake za hesabu. Ameziandika tangu siku za Kariobangi, na mimi sikuwahi kuzifungua, kwa kuwa nilidhani ni hesabu za nyanya na mkaa.

Nilizisoma mpaka saa nane za usiku. Karo, sare, vitabu na dawa za miaka minane ile zilikuwa zimeandikwa kando yake "Gikomba". Fedha zangu zilikuwemo pia, sitajidharau kupita kiasi, lakini si kwa kiasi nilichokuwa nikiwasimulia wageni. Kisha nikaona jambo jingine. Kila Januari, kuanzia 1986, katika orodha ya mambo ya mwaka, alikuwa ameandika "mbuzi wa baba". Na kila mwaka maneno hayo yalikuwa yamekatwa kwa mstari, karo au kodi imewekwa mahali pake. Kuanzia 2002 hayakuandikwa tena. Baba yake alifariki 2001.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alinijibu polepole, "Baba watoto, nilikuambia mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Ukasema mvua haijanyesha. Mimi silalamikii mbuzi. Linaloniuma ni kwamba baba alipokuwa akikaa na wenzake, wakimwuliza mkwe wake yuko wapi, alikuwa akikutetea. Alikutetea mpaka akaingia kaburini."

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Watoto walipopata habari waliunda kundi la WhatsApp wakaanza kuchanga. Kitinda mimba hata aliniuliza kwa utani ikiwa bibi ana nambari ya M-Pesa. Niliwashukuru nikawakataza. Niliwaambia mahari ya mama yao haitalipwa na wao, kwa sababu hawakuwa na ahadi na mtu. Nilitoa akiba yangu katika chama cha ushirika, tukaandika barua kwa shemeji yangu mkubwa, na kabla ya wageni wa binti yetu kufika kwetu, sisi tulifika Nyeri.

Mama mkwe alikuwa bado hai, macho yamepungua nuru lakini masikio makali. Ami yangu alisimama kwa mkongojo wake akasema, "Tumerudi." Watu wakacheka, mimi nikatokwa na machozi. Mama mkwe akasema, "Mmechelewa, lakini hamkupotea njia." Nikalikata lile bega la mbuzi mbele ya watoto wangu watatu na wajukuu wawili, nikampa mama yao. Mjukuu mmoja aliuliza kwa sauti ikiwa babu na bibi ndio wanaooana leo. Akajibiwa kwamba naam, ndio.

Baada ya hapo tulikwenda kuzuru kaburi la mkwe wangu, mimi na mke wangu peke yetu. Niliyosema pale ni yangu na yeye.

Sasa, msomaji, kuna wasomi watakaoniambia kwamba nilijisumbua bure. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano hapa Kenya: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Na sheria hiyo inasema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu yake kidogo tu yatosha. Kwa hivyo mbele ya sheria nilikuwa mume halali hata kwa kile kidogo cha 1984. Ni kweli, na ni vizuri iwe hivyo, maana kuna wajane wengi waliofukuzwa mashambani kwa kisingizio kwamba mahari haikwisha. Lakini sheria inalinda haki ya mke. Ahadi niliyompa baba yake ni jambo jingine, na hilo hakuna hakimu atakayenilipia.

Hata hivyo tusiidharau sheria. Tangu Agosti 2017 ndoa za kimila zimekuwa zikisajiliwa na kupewa cheti kama nyingine. Sisi tulikwenda kwa msajili sote wawili, kwa kuwa mume na mke hutakiwa kufika wenyewe, tukapata chetu. Mama watoto alikitia katika sanduku lile lile la daftari.

Na daftari hizo, akina mama, msizitupe! Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango katika mali ya jamaa, sawa na mshahara. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu vivi hivi, bali kila mmoja huonyesha mchango wake. Sikutakieni ugomvi. Nasema tu kwamba jasho lililoandikwa halisahauliki upesi, na mimi ni shahidi.

Nanyi vijana wa vyuo vikuu mnaosoma ukurasa huu, hebu waulizeni wazazi wenu walivyooana. Msiulize ya picha na keki peke yake. Ulizeni ni nani alikuwa akilipa karo mwaka ule baba alipokosa kazi, na ni nani aliyeahidiwa kitu akangoja. Mtajifunza mengi juu ya nyumba mliyotoka kabla ya kujenga zenu.

Kwa akina baba wenzangu, sina mahubiri. Nilihubiri vya kutosha ndani ya matatu ile ya 2015. Nawaomba tu kila mmoja atazame ikiwa kuna mzee mahali fulani aliyeambiwa "tutarudi". Ikiwa yu hai, nenda Jumamosi ijayo, hata kwa kilo mbili za sukari. Mimi nilifika, lakini yule niliyemwahidi hakuwepo kunipokea.

Siku ya kutimiza miaka 40 watoto walitaka kutufanyia karamu hotelini. Mama watoto alikataa. Tulipika nyumbani, tukala, tukaimba kidogo, wajukuu wakalala kwenye makochi. Wageni walipoanza kusifu picha za ukutani, nilifungua kinywa kusema yale yangu ya zamani. Nikamwona mke wangu ananitazama.

Nikasema, "Haya ni matunda ya jasho lake. Mimi nilisaidia."

Alicheka sana, msomaji. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Basi kwaheri kwa leo. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.